Ashura na Orodha ya Matukio Yake

Kila unapoandama mwezi wa Muharram, ndugu Waislamu, huanza kupita mikononi mwa watu karatasi moja ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona. Zamani ilikuwa ikitolewa fotokopi na kugawiwa milangoni mwa misikiti. Siku hizi hupita zaidi katika simu. Kichwa chake hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini yaliyomo ni yale yale: kwamba siku ya mwezi kumi Mfunguo Nne, yaani siku ya Ashura, ndiyo siku iliyoumbwa mbingu na ardhi; ndiyo siku iliyokubaliwa toba ya Nabii Adam (a.s.), ndiyo siku iliyotua safina ya Nabii Nuh (a.s.), ndiyo siku aliyookolewa Nabii Ibrahim (a.s.) katika moto, akatolewa Nabii Yunus (a.s.) tumboni mwa samaki, akaponywa Nabii Ayyub (a.s.), akarudishiwa Nabii Yaaqub (a.s.) macho yake, akatoka Nabii Yusuf (a.s.) kisimani, na mwisho wa yote, kwamba Kiyama nacho kitasimama siku hiyo hiyo. Ziko nakala zenye matukio zaidi ya ishirini.

Hatuna haki ya kuwalaumu wanaoisambaza karatasi hiyo kabla ya kujilaumu sisi wenyewe, kwani orodha hiyo iliwahi kuchapwa katika kurasa hizi hizi. Tuliipokea kutoka kwa msomaji, tukaipenda, tukaona inafaa kujaza nafasi iliyobaki, tukaichapa bila ya kumuuliza mtu. Ijumaa iliyofuata, imamu mmoja, mtu mwema tunayemheshimu, aliisoma juu ya mimbari kutoka katika jarida letu. Baada ya Sala kijana mmoja akamwendea na kumuuliza kwa adabu habari zile zimo katika kitabu gani. Imamu akamwonyesha ukurasa wetu. Kijana akauliza tena: na hawa waandishi wamezitoa wapi? Swali hilo lilikuwa halina jibu, na aliyepaswa kulijibu hakuwa yule imamu bali sisi. Wazee waliokuwapo wakamkemea kijana kwamba anawavunjia heshima maulamaa, naye akaondoka akiwa amekasirika.

Lau jambo lingeishia hapo, huenda tusingeliandika. Lakini tuliambiwa baadaye kuwa kijana yule, alipotafuta na kuona kwamba sehemu kubwa ya orodha haina asili, alifikia uamuzi kwamba na saumu ya Ashura yenyewe haina asili, akaacha kuifunga na akawa anawazuia wenzake. Hapo ndipo tulipojua ukubwa wa tulilolitenda. Mtu akichanganya fedha halali na za bandia katika kifuko kimoja, anayekuja kuzikagua anaweza kuzitupa zote pamoja.

Basi tuanze na yaliyothibiti, nayo si machache. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alipokuja Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura. Alipowauliza sababu, walimweleza kuwa hiyo ni siku ambayo Mwenyezi Mungu alimwokoa Musa (a.s.) na watu wake na kumgharikisha Firauni na jeshi lake, na kwamba Musa aliifunga kwa kushukuru. Mtume (s.a.w.) akawajibu kuwa Waislamu wana haki zaidi kwa Musa kuliko wao, akaifunga na akaamrisha ifungwe. Kisa chenyewe cha kugharikishwa Firauni kimo ndani ya Qur'ani, kwa mfano katika Sura Yunus kuanzia aya ya 90, ingawa siku yake haikutajwa humo. Siku tumeijua kwa hadithi.

Wako waliouliza: Mtume (s.a.w.) aliwasili Madina katika Rabiul-Awwal, na Ashura ni Muharram, aliwakutaje wamefunga? Ibn al-Qayyim alilijibu swali hili kwamba hadithi haisemi aliwakuta wamefunga siku ile ile aliyoingia mjini. Aliijua habari yao baada ya kukaa nao, Ashura ilipofika. Tumelitaja hili kwa kupita tu, kwa sababu lipo kila mwaka miongoni mwa maswali yanayotufikia.

Bibi Aisha (r.a.) naye amepokewa akieleza kuwa Makureshi walikuwa wakiifunga siku ya Ashura tangu zama za Jahiliya, na Mtume (s.a.w.) akiifunga, alipohamia Madina akaendelea nayo na kuiamrisha, mpaka ilipofaradhishwa saumu ya Ramadhani katika mwaka wa pili wa Hijra, ndipo Ashura ikawa ni hiari ya mtu. Na katika riwaya yake nyingine iliyomo ndani ya Bukhari imo habari ambayo hatujapata kuisikia ikitajwa mimbarini hata mara moja, nayo ni kwamba siku hiyo ndiyo Al-Kaaba ilipokuwa ikivishwa pazia lake. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba karatasi yenye matukio zaidi ya ishirini imekosa nafasi ya tukio hili moja ambalo ni sahihi.

Muslim amepokea kutoka kwa Abu Qatada (r.a.) kwamba saumu ya siku hiyo inatarajiwa kufuta madhambi ya mwaka uliotangulia. Amepokea pia kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) katika mwisho wa uhai wake alikusudia, akijaaliwa kufika mwaka unaofuata, afunge na siku ya tisa ili atofautiane na Ahlul-Kitabi, lakini mwaka huo haukumkuta. Na ipo hadithi ya bibi wa Kiansari, Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.), anayesimulia jinsi wao walivyokuwa wakiwafungisha watoto wao wadogo, wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, mtoto akililia chakula, humpa kile kichezeo mpaka wakati wa kufuturu ufike. Sisi tunaona hadithi hii peke yake ingetosha khutba nzima. Imo nyumba, yumo mama, wamo watoto, na imo njaa ya kweli ya mchana wa Madina.

Yaliyobaki katika orodha yamekaa madaraja mbalimbali. Habari ya safina ya Nuh (a.s.) kutua juu ya Judi siku ya Ashura imetajwa katika Musnad ya Imam Ahmad, lakini isnadi yake ni dhaifu. Qur'ani katika Sura Hud, aya ya 44, imetaja mahali ilipotua wala haikutaja siku. Ama ile riwaya ndefu inayoyakusanya yote, ya kuumbwa mbingu na ardhi, na toba ya Adam, na moto wa Ibrahim, na samaki wa Yunus, hiyo Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 597 Hijria, ameiweka ndani ya kitabu chake cha Al-Mawdu'at, yaani katika hadithi za kubuni, tena kwa maneno ya kuonyesha hasira kwa aliyeithubutu kuitunga. Kwa hiyo si kweli kwamba wanaoikataa ni vijana wa siku hizi waliorudi na vyeti kutoka nje, kama tulivyosikia ikisemwa. Imekataliwa kwa zaidi ya miaka mia nane.

Kuhusu kuwakunjulia watu wa nyumbani katika matumizi siku hiyo, insafu inatutaka tuseme kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Imam Ahmad amenukuliwa akiikataa hadithi yake. Bayhaqi aliona kuwa njia zake, ingawa kila moja ina udhaifu, zinapeana nguvu zikikusanywa. Anayewanunulia watoto wake nyama siku hiyo hatumgombezi. Lakini kupaka wanja, kuoga josho maalumu na kupika nafaka za namna namna kwa itikadi kwamba ni Sunna ya Ashura, hayo hayana hadithi yoyote ya kutegemewa.

Swali lenye faida zaidi ni hili: mambo hayo yalitoka wapi? Jibu lake ni la historia, na ni la huzuni.

Tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria, sawa na Oktoba 680, Husayn bin Ali (r.a.), mjukuu wa Mtume (s.a.w.) na mwana wa Fatima (r.a.), aliuawa Karbala, nchini Iraq, pamoja na jamaa zake na wafuasi wake, idadi yao inayotajwa sana ikiwa ni watu sabini na kidogo. Jeshi lililowazingira lilitumwa na Ubaydullah bin Ziyad, gavana wa Yazid, na aliyeliongoza alikuwa Umar, mtoto wa Saad bin Abi Waqqas. Baba alikuwa Swahaba mkubwa, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Mwana alikwenda kumzuia maji mjukuu wa Mtume. Hatumjui Muislamu mwenye moyo ambaye hahuzuniki kwa msiba huo.

Msiba huo ulitokea miaka hamsini baada ya kufariki Mtume (s.a.w.). Saumu ya Ashura ilikwisha kuwekwa zamani. Haikuwekwa kwa kumhuzunikia Husayn, wala, kama wanavyodai baadhi ya watu wasiomcha Mungu katika maneno yao, haikuwekwa kwa kuufurahia msiba wake. Siku iligongana na siku.

Lakini watu hawakuiacha hivyo. Ibn Taymiyya ameeleza kuwa kundi moja liliigeuza siku hiyo kuwa ya maombolezo, na kundi jingine, kwa chuki ya kundi la kwanza, likaigeuza kuwa ya furaha na mapambo, na katika ushindani huo zikatungwa hadithi za pande zote mbili. Ibn Kathir katika tarehe yake, Al-Bidaya wan-Nihaya, anataja jinsi watu wa Sham walivyokuwa siku ya Ashura wakipika nafaka, wakioga, wakijitia manukato na kuvaa nguo bora, kwa kuwapinga tu wale wanaoomboleza. Hapo ndipo penye shina la wanja na josho.

Mwaka 352 Hijria, sawa na 963, mtawala wa Baghdad wa ukoo wa Buwayhi, Mu'izz ad-Dawla, aliamuru masoko yafungwe siku ya Ashura na watu waomboleze hadharani. Mwaka huo huo akaamuru pia siku ya tarehe 18 Dhul-Hijja, ya Ghadir, isherehekewe kwa mapambo. Miaka ikapita, fitina zikazidi mjini, mitaa ikapigana na mitaa. Ndipo mwaka 389 Hijria baadhi ya Masunni wa Baghdad walipoona kwamba nao lazima wawe na siku zao. Wakahesabu siku nane baada ya Ghadir, ikawa tarehe 26 Dhul-Hijja, wakaifanya sikukuu wakisema ndiyo siku ambayo Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) waliingia pangoni. Wakahesabu tena siku nane baada ya Ashura, ikawa tarehe 18 Muharram, wakaifanya ya kumlilia Mus'ab bin az-Zubayr na kulizuru kaburi lake, ili msiba upambane na msiba.

Ibn Kathir, naye ni mwanachuoni wa Kisunni asiyetiliwa shaka, hakuwatetea watu wake. Alisema wazi kuwa huo ni ujinga, kwa sababu tukio la pango lilitokea karibu na mwanzo wa Rabiul-Awwal, na kila asomaye Sira anajua hivyo. Tarehe 26 Dhul-Hijja haikuwa na uhusiano wowote na pango. Ilikuwa siku ya nane baada ya sikukuu ya mahasimu wao, basi.

Tumekirefusha kisa hiki kwa makusudi. Sisi ambao tunajinasibisha na kuisafisha dini tumezoea kuyaona makosa haya kwa wengine. Hapa tunawaona watu wa upande wetu, wenye itikadi tunayoikubali na mapenzi kwa Abu Bakr tunayoyashiriki, wakiihamisha tarehe ya Hijra ya Mtume (s.a.w.) kwa miezi miwili ili wasipitwe na jirani.

Nyuma ya yote haya iko imani moja ambayo haisemwi kwa ulimi: kwamba siku haiwi tukufu mpaka irundikiwe matukio, na kwamba mambo mawili yakikutana siku moja basi lazima lipo la kuambiwa. Imani hii ilipata kujitokeza mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, naye akaijibu katika saa ambayo mtu mwingine angeliiacha ipite. Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Mariya (r.a.), alifariki akiwa bado mchanga, katika mwaka wa kumi wa Hijra. Siku ile ile jua likapatwa. Wanajimu wa leo wakihesabu wanaikuta kupatwa kwa jua iliyoonekana Arabuni tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa kufa Ibrahim. Hebu tufikiri: baba amefiwa, watu wanasema mbingu zinaomboleza pamoja naye, na maneno hayo yangemzidishia utukufu machoni pa kila Bedui. Lakini alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na kwamba wakiona hivyo wasali na kuomba mpaka ipite. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Maswahaba waliielewa njia hiyo. Mtu mmoja wa Kiyahudi alimwambia Umar (r.a.) kwamba katika Qur'ani imo aya ambayo lau ingeliwateremkia wao, wangeliifanya siku yake kuwa sikukuu, naye alikusudia ile aya ya tatu ya Suratul-Maida inayotaja kukamilishwa kwa dini. Umar akamjibu kwamba anaijua siku iliyoteremka na mahali ilipoteremka: ilikuwa Arafa, siku ya Ijumaa. Siku mbili tukufu zilikutana, Ijumaa na Arafa, na aya tukufu ikashuka ndani yake. Umar hakuongeza sikukuu ya tatu.

Na ni Umar huyo huyo aliyetuwekea tarehe. Katika mwaka wa 16 au wa 17 wa Hijra, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alimlalamikia kuwa barua zake zinafika bila ya tarehe. Maswahaba wakashauriana mwaka uhesabiwe kuanzia wapi: kuzaliwa kwa Mtume, kupewa utume, Hijra au kufariki. Wakachagua Hijra, kwa kuwa ndiyo iliyotenganisha baina ya haki na batili, na mwaka wakauanza kwa Muharram ijapokuwa Hijra yenyewe ilikuwa Rabiul-Awwal. Hivyo ndivyo mwezi wa Ashura ulivyopata kuwa mwezi wa kufungulia mwaka.

Kuna matukio yanayokutana siku moja kwa qadari, na kuna yanayokutana kwa sababu watu wameyapangia siku. Hili la pili halina siri yoyote. Nabii Musa (a.s.) alipotakiwa na Firauni aweke miadi ya kupambana na wachawi, aliichagua siku ya sikukuu, wakati wa dhuha, kama ilivyo katika Sura Taha, aya ya 59, ili watu wawe wamekusanyika na kila mtu aone. Hapa petu, Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Kenya ikafanya vivyo hivyo tarehe 12 Desemba 1963 na 12 Desemba 1964. Chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1957, na TANU na ASP vilipounganishwa kuwa CCM, siku iliyochaguliwa ilikuwa tarehe 5 Februari 1977. Mtoto wa skuli akiulizwa kwa nini tarehe zimefanana hatasema ni muujiza. Na yako yaliyochaguliwa kwa uovu: siku ya Ashura ya mwaka 2004, tarehe 2 Machi, mabomu yalilipuliwa Karbala na Kadhimiya katikati ya umati wa watu, na wakafa zaidi ya mia moja. Waliolipua walichagua siku kwa sababu ile ile, kwamba watu watakuwa wamekusanyika.

Pengine msomaji atasema: basi angalau tarehe 12 Rabiul-Awwal haina shaka, kwani ndiyo siku aliyozaliwa Mtume (s.a.w.), ndiyo aliyoingia Madina na ndiyo aliyofariki. Hatuandiki hapa juu ya hukumu ya maulidi, jambo ambalo tumekwisha kulieleza mara nyingi. Tunazungumzia tarehe tu. Lililothibiti katika hadithi ya Muslim ni kwamba alizaliwa siku ya Jumatatu. Tarehe 12 ni kauli ya Ibn Ishaq, na ziko kauli nyingine; Mahmud Pasha al-Falaki, mnajimu wa Misri wa karne ya 19, alihesabu akapata tarehe 9. Siku ya kufariki ilikuwa Jumatatu pia, bila ya hitilafu, na wengi wakasema ni tarehe 12 Rabiul-Awwal mwaka wa 11.

As-Suhayli, mwanachuoni wa Andalusia, aligundua tatizo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulihakikisha kwa vidole vyake. Arafa ya mwaka wa kumi, tarehe 9 Dhul-Hijja, ilikuwa Ijumaa kwa ushahidi wa Umar tuliokwisha kuutaja. Kwa hiyo tarehe mosi Dhul-Hijja ilikuwa Alhamisi. Mpaka Rabiul-Awwal ipo miezi mitatu, na kila mmoja una siku 29 au 30. Ukiifanya yote kuwa ya siku 30, tarehe 12 Rabiul-Awwal ni Jumapili. Ukiifanya miwili ya 30 na mmoja wa 29, ni Jumamosi. Mmoja wa 30 na miwili ya 29, ni Ijumaa. Yote ya 29, ni Alhamisi. Jumatatu haipatikani kwa namna yoyote.

Wako waliojibu kuwa tarehe ilikuwa nyingine, si 12. Wengine, na Ibn Kathir ni miongoni mwao, walijibu kwamba huenda watu wa Madina waliuona mwezi wa Dhul-Hijja usiku mmoja baada ya watu wa Makka. Kwa hesabu ya Madina tarehe mosi ikawa Ijumaa, na miezi yote mitatu ikiwa ya siku 30, tarehe 12 inakuwa Jumatatu. Jawabu hili ni zuri, nasi hatulikatai. Lakini wanaolitumia kuisimamisha tarehe 12 wafahamu wamekubali nini: kwamba Makka na Madina, Mtume (s.a.w.) akiwa hai, zinaweza kuwa na tarehe mbili, na hakuna aliyemwita mwenzake mzushi kwa ajili hiyo. Sisi kwetu misikiti miwili ya mtaa mmoja ikifunga Ashura siku mbili tofauti, huyu kwa mwandamo wa hapa na yule kwa mwandamo wa Saudia, salamu hukatika mpaka Ramadhani.

Tunarudi kwenye karatasi yetu. Orodha ile tuliyoichapa tunaifuta, na tunaomba radhi kwa wasomaji, na hasa kwa imamu yule aliyetuamini na kwa kijana yule aliyeuliza swali la haki akakemewa. Tumemwendea kila mmoja wao. Imamu alitupokea kwa upole kuliko tulivyostahiki, na ametuomba tuandike haya ili ayasome mwenyewe juu ya mimbari ile ile. Kijana alitusikiliza, akachukua nakala ya hadithi ya Ibn Abbas na ya Bibi Aisha, akasema atazisoma. Hatukumtaka jibu siku ile.

Wenye nakala za zamani za jarida hili tunawaomba wauchane ukurasa huo au waupige msitari, wasiuache ukaokotwa na mtoto. Makhatibu watakaohutubu Ijumaa ya kabla ya Ashura tumewaandalia karatasi nyingine, ya upande mmoja tu, yenye hadithi tulizozitaja hapa na majina ya vitabu vyake: kuokolewa kwa Musa (a.s.), saumu ya Makureshi na pazia la Al-Kaaba, saumu ya tarehe tisa na kumi, na wale watoto wa Madina na vichezeo vyao vya sufi. Inapatikana bure kwa wakala wetu wa kila msikiti. Na kila mstari wake, anayetaka kuuliza umetoka wapi, na aulize.